Picha ipo, sauti hakuna: je, deki imeungua?

"Nina flashi yenye filamu na video za harusi ya familia. Nikiichomeka kwenye deki, ambayo nimeiunga na TV kwa waya wa HDMI, baadhi ya faili zinacheza vizuri. Nyingine picha inaonekana safi kabisa lakini sauti haitoki hata kidogo. Kuna moja sauti inatoka ila imechelewa: mtu ameshafunga mdomo ndipo maneno yanasikika. Kwenye kompyuta faili zote zina sauti. Nimebadili waya, nimebadili jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4, nikajaribu programu ya kugeuza video ikakesha ikifanya kazi, na asubuhi picha ikatoka kama ina ukungu. Fundi niliyempigia simu anasema deki imeungua upande wa sauti, ninunue nyingine. Ninunue?"

Usinunue kwanza. Jibu la swali lako umeshaliandika mwenyewe katikati ya maelezo yako: baadhi ya faili zinacheza vizuri. Deki iliyoungua upande wa sauti haichagui faili. Inanyamaza kwa zote, au inakoroma kwa zote. Kama faili moja inatoa sauti na inayofuata ni bubu, kwa waya ule ule na TV ile ile, bila wewe kugusa kitu, basi tatizo liko kwenye mapatano kati ya faili na deki, na hilo linarekebishika bila kufungua skrubu hata moja. Fundi wako simlaumu sana, kwani kwa simu alisikia "sauti haitoki" akajibu alichozoea kukiona mezani kwake.

Tuanze na kilichomo ndani ya faili, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. MKV, MP4 na AVI si aina za video. Ni makasha. Ndani ya kasha moja kuna vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja: mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine maandishi ya tafsiri. Kila mkondo umebanwa kwa mtindo wake ili usichukue nafasi kubwa, na mtindo huo wa kubana na kufungua ndio unaoitwa kodeki. Picha inaweza kuwa imebanwa kwa H.264, na sauti iliyo pembeni yake ikawa MP3, AAC, AC-3 (ndiyo Dolby Digital), DTS, FLAC au Opus. Jina la kasha halikwambii lolote kuhusu kilichomo. Faili mbili zote za .mkv, zenye ukubwa unaokaribiana, moja inaweza kuwa na sauti ya AAC na nyingine DTS. Deki yako inafungua kasha, inaitambua picha na kuionyesha, kisha inafika kwenye sauti na kukuta mtindo isioujua. Badala ya kukwambia waziwazi, inaendelea na picha kimya kimya. Deki chache zinaandika ujumbe mdogo kwamba sauti hiyo haikubaliki, na ujumbe wenyewe unapita haraka kabla hujausoma.

Kwa nini basi kompyuta haina shida? Kwa sababu programu ya kuchezea video kama VLC inakuja na vifunguzi vya karibu kila mtindo wa sauti ndani yake, na ukitokea mtindo mpya inasasishwa. Deki inategemea chipu iliyotengenezwa na uwezo maalumu, na kila uwezo una gharama. DTS hasa ni teknolojia ya leseni, mtengenezaji hulipia ili kuiweka. Ndiyo maana hata TV za bei kubwa zimewahi kuiacha: Samsung waliondoa DTS kwenye TV zao kuanzia matoleo ya mwaka 2018, na LG wakafanya vivyo hivyo kwenye matoleo ya 2020. Kwa hiyo hata ukinunua kifaa kipya kabisa leo, hakuna uhakika kwamba faili zako bubu zitasema. AC-3 na MP3 ziko salama zaidi upande huu, kwa kuwa haki za hataza za zote mbili ziliisha mwaka 2017, na deki za DVD tangu mwanzo zilijengwa zikijua AC-3.

Sasa yale uliyojaribu. Kubadili jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakubadili chochote ndani, kasha ni lile lile na sauti ni ile ile. Rudisha jina la awali, maana deki nyingine zikiona .mp4 halafu zikakuta mpangilio wa MKV zinakataa faili zima, ukaishia kupoteza na picha pia. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, hivyo kama sauti ya faili nyingine inapita, waya ni mzima. Na kama umewahi kushauriwa kupakua furushi la kodeki na kulisakinisha kwenye kompyuta, achana nalo. Hilo linaisaidia kompyuta pekee, ambayo haikuwa na tatizo. Kwenye deki hakuna pa kusakinisha.

Programu iliyokesha ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu ilifanya kazi kubwa isiyohitajika. Ilifungua picha, ikaibana upya tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, na kila picha inapobanwa upya inapoteza kitu. Huo ndio ukungu ulioona. Wewe picha yako haikuwa na kosa. Kinachotakiwa ni kuinakili picha kama ilivyo, na kugeuza mkondo wa sauti peke yake. Kazi hiyo kwa filamu nzima kwa kawaida ni ya dakika chache hata kwenye kompyuta ya kawaida, na picha inatoka ileile bila tofauti yoyote.

Kabla ya kuwasha kompyuta, jaribu mambo mawili kwa rimoti. Cheza faili bubu, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa AUDIO (kwenye rimoti nyingine kiko ndani ya menyu ya lugha). Faili nyingi za filamu zina mikondo miwili au mitatu ya sauti, na deki huchukua wa kwanza bila kuuliza. Ikiandika 1/2, bonyeza tena iende 2/2. Si ajabu mkondo wa pili ukawa AC-3 na sauti ikatoka hapo hapo.

La pili ni mpangilio wa sauti ya dijitali kwenye menyu ya deki. Utakuta machaguo kama SPDIF/RAW na SPDIF/PCM, au neno Bitstream badala ya RAW. Kwenye RAW, deki haijisumbui kufungua sauti, inaisukuma ikiwa imebanwa vilevile kwenda mbele, ikitegemea TV au redio iliyounganishwa nayo ndiyo iifungue. TV isipojua DTS, kimya. Kwenye PCM, deki inafungua sauti yenyewe na kupeleka mbele sauti ambayo kila TV inaielewa. Weka PCM, rudia faili. Kama deki yako ina uwezo wa kufungua DTS, umemaliza. Mpangilio huu huwa unabadilika watu wanapochezea menyu, au mtu anaporudisha deki kwenye hali ya kiwandani.

Hayo yakishindikana, hamia kwenye kompyuta na utazame ndani ya faili. Fungua faili bubu kwa VLC kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Litatokea dirisha lenye orodha ya mikondo. Shuka hadi ule wa sauti usome mstari wa Codec. Ukiona "DTS Audio", mshukiwa tumempata. Ukiona "A52 Audio (aka AC3)", hiyo ni Dolby Digital, na deki nyingi huicheza. Ukiona "MPEG AAC Audio", ni AAC. Chini yake kuna mstari wa chaneli, ambapo "Stereo" inajieleza, na "3F2R/LFE" maana yake ni spika tatu za mbele, mbili za nyuma na moja ya besi, yaani sauti ya 5.1. Fanya hivyo kwa faili tatu bubu na tatu zinazosema, andika kwenye karatasi. Ukimaliza utakuwa na jedwali la ukweli kuhusu deki yako, la kutegemewa kuliko kijitabu kilichokuja kwenye boksi, kwa sababu vijitabu hivyo mara nyingi vinataja makasha tu na kukaa kimya kuhusu sauti.

Ukishajua adui ni nani, dawa ni programu ya bure inayoitwa ffmpeg. Haina vitufe, unaandika amri kwenye dirisha la amri la kompyuta. Najua hilo linawatisha wengi, lakini amri yenyewe ni mstari mmoja:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -map 0:s? -c copy -c:a aac -ac 2 -b:a 192k filamu_mpya.mkv

Isome polepole. Sehemu ya -i inataja faili la kuingiza. Hizo -map tatu zinachagua picha ya kwanza, sauti ya kwanza, na maandishi ya tafsiri kama yapo. Kuhesabu kunaanzia sifuri, kwa hiyo ukitaka mkondo wa pili wa sauti andika 0:a:1. Kisha -c copy inasema nakili kila kitu kama kilivyo, usibane upya. Hapo ndipo picha yako inapookolewa. Ifuatayo, -c:a aac, inatoa ruhusa moja tu ya tofauti: sauti igeuzwe kuwa AAC. Halafu -ac 2 inakunja chaneli sita kuwa mbili, na 192k ndiyo kiwango cha data ya sauti, yaani kilobiti 192 kwa sekunde, ambacho kwa stereo kinatosha vizuri.

Angalia kwamba nimeacha kasha la MKV. Deki yako imeshathibitisha kwamba inafungua MKV na kuonyesha picha, kwa nini tubadili kisicho na tatizo? Kama faili lako ni la AVI, liache AVI pia, ila usiweke AAC humo, kwani mchanganyiko huo unazisumbua deki nyingi. Badili -c:a aac kuwa -c:a libmp3lame upate MP3, na kipande cha -map 0:s? kiondoe.

Nani achague nini kati ya AAC, AC-3 na MP3? Ushauri wangu ufuate jedwali lako. Chagua mtindo ambao umeona deki ikiutoa sauti kwa masikio yako. Ukiwa na redio ya spika tano na besi iliyounganishwa, chagua AC-3 na uondoe -ac 2, ili spika za nyuma zisikae bure. Andika -c:a ac3 -b:a 448k, kiwango kinachotumika sana kwenye diski za DVD. Ukiwa na spika za TV peke yake, AAC ya stereo inakutosha, na faili litapungua uzito, maana DTS ya kawaida inafika takriban kilobiti 1,500 kwa sekunde. Unachopoteza kipo, sitakuficha: kila sauti inayobanwa upya inapungua ubora kidogo, na kilichokunjwa kuwa stereo hakikunjuki tena. Kwa spika za TV tofauti hiyo hutaisikia. Hata hivyo faili la awali lisifutwe, hasa zile za harusi, ambazo huwezi kuzipata popote tena.

Kama amri huzipendi kabisa, tumia Avidemux, programu yenye vitufe. Kwenye upande wa picha acha neno Copy, upande wa sauti chagua AAC au MP3, kwenye kasha chagua lile la faili lako, hifadhi kwa jina jipya. HandBrake ni programu nzuri na ina sura ya kupendeza, lakini hubana picha upya kila mara, haina njia ya kuinakili tu, kwa hiyo kwa tatizo lako si chombo chake. Tovuti za kugeuza faili mtandaoni nazo siziungi mkono. Utapakia gigabaiti nzima na kuishusha tena, na video ya familia yako itakuwa imepita kwenye kompyuta za watu usiowajua.

Tugeukie lile faili ambalo midomo inatangulia. Hapa swali la kwanza ni hili: pengo linabaki lile lile mwanzo hadi mwisho, au linakua? Tazama dakika ya kwanza, kisha ruka hadi karibu na mwisho.

Pengo likiwa moja muda wote, ni rahisi. Lifungue kwa VLC kwenye Windows au Linux. Hata kama kwenye kompyuta linaonekana sawa, angalia kwa makini, kwa sababu mara nyingi kosa lipo na jicho limelizoea. Bonyeza J kuiwahisha sauti au K kuichelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, na namba inaandikwa juu ya picha. Ukifika mahali maneno yanakaa midomoni, chukua namba hiyo, tuseme -350. Fungua faili kwenye MKVToolNix, programu ya kupanga makasha ya MKV, bofya mkondo wa sauti, andika -350 kwenye kisanduku cha Delay, hifadhi. Programu hiyo haibani chochote upya, inapanga tu.

Kama kwenye VLC sauti iko sawa kweli na kwenye TV inachelewa, na inachelewa kwa faili zote, geukia TV na redio. Zote mbili huchukua muda kuchakata, na TV nyingi zina mpangilio wa kulinganisha sauti na picha.

Pengo likikua, namba moja haitasaidia. Chanzo kimoja ni sauti ya toleo la fremu 25 kwa sekunde iliyowekwa juu ya picha ya fremu 23.976. Tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 4, na baada ya saa moja sauti na picha zimeachana kwa kama dakika mbili na nusu. Chanzo kingine kinachowasumbua wenye AVI za zamani ni MP3 ya kiwango kinachobadilikabadilika, ambayo deki haiwezi kuihesabu vizuri. Igeuze kuwa MP3 ya kiwango kimoja kwa amri ile ya libmp3lame na mara nyingi pengo linafunga. Na kama video ilirekodiwa kwa simu, fahamu kwamba simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua, wakati deki inategemea kasi isiyobadilika. Huyu ndiye mgonjwa pekee katika orodha yetu anayestahili picha yake kubanwa upya, na hapo HandBrake inafaa: chagua Constant Framerate, na uweke ubora juu ili ukungu usirudi.

Jambo moja hukuliuliza lakini utakutana nalo baada ya kukunja 5.1 kuwa stereo: muziki na milio ya magari vinapasua masikio, na mazungumzo yanakuwa kama minong'ono. Maneno ya waigizaji mengi hukaa kwenye chaneli ya katikati, nayo ikigawanywa kwa spika mbili pamoja na makelele ya chaneli nyingine inamezwa. Tafuta kwenye menyu ya deki au TV mpangilio wa sauti ya usiku. Mpangilio huo hupunguza sauti kubwa na kuinua ndogo. Filamu za mapigano zitapoa kidogo, ila utamsikia kila mtu.

Fundi anahitajika lini, basi? Pale dalili zinapokuwa za kifaa chenyewe. Kama faili zote na diski zote ni bubu, hata ile diski uliyokuwa ukiisikiliza mwezi uliopita. Kama sauti inatoka kwenye matundu ya nyuma ya waya mwekundu na mweupe lakini haitoki kwenye HDMI ukiwa umeshajaribu TV nyingine. Kama kuna mkoromo usioisha, sauti inakatika ukigusa waya pale unapoingia, au deki inachemka na kunuka. Hapo mpelekee kifaa mkononi, si kwa simu, na uende na flashi yenye faili moja linalosema na moja lililo bubu, umwonyeshe mwenyewe tofauti. Usiifungue deki nyumbani ukitafuta kilichoungua. Sehemu ya umeme inaweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mshtuko wake si wa kuchezea.

Kuhusu kununua nyingine, kuna mazingira ambayo ningekuunga mkono. Kama una mamia ya faili za DTS na huna kompyuta ya kuzigeuza, au kama deki yako haifungui hata picha zilizobanwa kwa kodeki ya H.265 ambazo sasa zimeenea, kifaa kipya kitakuokolea muda mwingi. Lakini usinunue kwa kusoma boksi. Nenda na flashi yako, omba waichomeke kwenye kifaa unachokitaka, na ucheze faili lile lile lililokuwa bubu kabla hujalipa.

Kwa leo anza na faili moja, usianze na la harusi. Bonyeza AUDIO, angalia PCM, kisha soma Ctrl na J. Ukigeuza, litazame tokeo lake kwenye deki, mwanzoni, katikati na mwishoni, kabla hujaendelea na mengine. Na kama utakuta deki inakataa kucheza sehemu ya mwisho ya faili kubwa, au faili halikubali kunakiliwa kabisa, kagua mpangilio wa flashi: FAT32 haipokei faili moja lililofika gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi tele. Ukiipanga upya kwa exFAT au NTFS kila kilichomo kitafutika, kwa hiyo hamisha vitu kwanza, na hakikisha deki yako inasoma mpangilio huo, maana nyingi za zamani zinajua FAT32 peke yake.